Haki ya Kusema "Najua"

Hakuna neno jepesi kinywani, wala zito katika haki, kama neno "najua". Mtoto hulisema kabla hajafikiri, na mtu mzima hulisema kwa kuwa aona haya kusema vingine. Mwalimu hulisema darasani, shahidi hulisema mahakamani, na jirani hulisema njiani juu ya jirani mwenzake. Wote hutumia neno moja, lakini si wote walio na haki sawa ya kulitumia. Basi, msomaji, nataka tuulizane swali moja katika kurasa hizi chache: mtu ana haki gani ya kusema kwamba anajua jambo ambalo hakuliona kwa macho yake?

Wengine watajibu upesi kwamba hana haki yoyote, kwa kuwa jicho ndilo shahidi wa kweli. Wengine watajibu kinyume, wakitaja methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wa kwanza haamini ila alichokiona. Wa pili huamini chochote alichokisikia. Nadhani wote wawili wamepotea, na upotevu wa kila mmoja una hatari yake. Wa kwanza hawezi kuishi sawasawa na kanuni yake, maana hakuuona moyo wake ukipiga kifuani, wala hakumwona babu wa babu yake, na hata hivyo hana shaka kwamba moyo upo na kwamba mzee huyo alikuwapo. Wa pili aweza kuishi na kanuni yake bila taabu. Taabu huwapata watu wengine, wale ambao majina yao yatatajwa vibaya mbele yake. Kati ya hao wawili ipo njia ya tatu, nayo ni nyembamba na ndefu. Ili tuione vizuri, yafaa tuchague mfano ambao jicho halina nafasi kubwa ndani yake, kisha tukiisha kuuelewa, tushuke nao mpaka mahali tunapoishi. Mfano wangu ni sayari zizungukazo nyota nyingine.

Naandika haya nikiwa Naitiri, mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Bungoma, upande wa kuelekea Kitale, mahali pa mashamba ya mahindi, na Mlima Elgon ukiwa upande wa magharibi. Mahali hapa pana utajiri mmoja usiouzwa sokoni. Kwa kuwa tupo karibu sana na ikweta, nyota za kaskazini na nyota za kusini hutupitia zote katika mzunguko wa mwaka, na usiku usio na mwezi wala mawingu huonekana kwa wingi sana. Ukiondoa sayari chache za jua letu, kama Zuhura na Mshtarii, kila nukta uionayo huko juu ni jua la mbali. Je, majua hayo nayo yana sayari zao?

Swali hili liliulizwa kwa karne nyingi likajibiwa kwa dhana tu. Mwaka 1992 jibu la kwanza la hakika lilipatikana, lakini lilihusu nyota iliyokwisha kufa. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi, wakitumia darubini ya Haute-Provence katika Ufaransa, walitangaza sayari izungukayo 51 Pegasi, nyota hai iliyo mfano wa jua letu. Na kwa kazi hiyo walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Tangu hapo hesabu imeongezeka mno, hata ilipofika Septemba 2025 sayari zilizothibitishwa zilikuwa 6,000. Lakini angalia jambo hili kwa makini, msomaji: katika hizo zote, chache sana ndizo zilizopata kuonekana katika picha, tena kama nukta tu. Zilizobaki hazikuonwa na mtu yeyote. Hazikuonwa, ila zinajulikana.

Sababu ya kutoonekana ni nyepesi kuieleza. Nyota hung'aa kwa moto wake yenyewe, lakini sayari haina nuru ila ile iliyoazima. Mtu akilitazama jua letu na dunia yetu kutoka mbali sana, jua lingeishinda dunia kwa mwangaza mara 10,000,000,000. Ni kama kumtafuta kimulimuli aliyetua pembeni mwa taa kubwa ya gari, na gari lenyewe liko mamia ya kilomita kutoka uliposimama. Wataalamu wa elimu ya nyota, yaani wanafalaki, walipoona kwamba hawawezi kuitazama sayari, waliamua kuitazama nyota yake.

Mwanafunzi aliyepata kumshika mdogo wake mikono na kumzungusha kwa kasi anajua kwamba mzungushaji hawezi kusimama wima kabisa. Mtoto humvuta, naye hulazimika kuegemea nyuma na kuyumba kidogo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa nyota na sayari. Nyota huivuta sayari, na sayari nayo, ingawa ni ndogo, huivuta nyota. Basi nyota huja kwetu kidogo na kurudi kidogo, zamu baada ya zamu. Ili kuupima mwendo huo, nuru ya nyota hupitishwa katika chombo kiitwacho spektrografu, ambacho huipasua kuwa rangi kama za upinde wa mvua. Ndani ya rangi hizo imo mistari myembamba myeusi, kila mmoja mahali pake. Nyota ikija upande wetu, mistari yote husogea kidogo kuelekea rangi ya buluu; ikienda zake, husogea kuelekea nyekundu. Nawe umepata kusikia jambo la namna hii barabarani: honi ya basi linalokuja ina sauti ya juu, na likikupita tu sauti hushuka.

Sasa nitakutajia nyota moja ambayo Mkenya ana sababu ya kuijua. Katika orodha za wanafalaki inaitwa HD 83443. Iko umbali wa miaka ya nuru 133 hivi, yaani nuru iliyotoka kwake husafiri miaka 133 kabla ya kutufikia. Imo katika kundi la nyota liitwalo Vela, neno la Kilatini lenye maana ya tanga la merikebu, nalo laonekana kutoka Naitiri upande wa kusini, jioni za Machi na Aprili, mawingu yakituruhusu. Macho matupu hayawezi kuifikia nyota yenyewe, lakini darubini ndogo ya macho mawili yatosha. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulipotimiza miaka 100, kila nchi iliyoshiriki ilipewa nyota moja na sayari yake izipe majina. Watanzania waliiita nyota yao Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Kenya ilipewa nyota hii ya Vela, ikaitwa Kalausi, neno la Kijaluo la upepo mkali wa kisulisuli. Na sayari yake ikaitwa Buru, maana yake vumbi.

Buru ilitangazwa mwaka 2000 na wanafalaki wa Geneva, waliotumia darubini yenye kioo cha upana wa mita 1.2 katika milima ya La Silla, nchini Chile. Waliona mistari ya nyota ikisogea na kurudi, kuonyesha kwamba nyota yayumba kwa mwendo wa karibu mita 57 kwa sekunde, tena kwa zamu ya siku tatu kasoro kidogo. Wakakata hesabu, wakasema: ipo sayari nzito ya jamii ya Zohali, iliyo karibu sana na nyota yake, na mwaka wake mzima ni siku tatu.

Lakini hawakusema hayo tu. Walisema pia kwamba wameona myumbo wa pili, mdogo zaidi, wa karibu mita 14 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa lori katika barabara ya Kitale; na kwamba myumbo huo watokana na sayari ya pili, yenye mwaka wa siku 30 hivi. Habari hiyo ilipendeza sana. Mwaka wa sayari ya nje ulikuwa karibu mara kumi kamili ya mwaka wa sayari ya ndani, na wataalamu wa hesabu waliufurahia uwiano huo. Kila kitu kilikaa vizuri mahali pake.

Ndipo wanafalaki wengine, wenye darubini nyingine katika Hawaii na Australia, walipoitazama nyota ile ile. Mwaka 2002 walieleza walichokipata. Sayari ya kwanza waliikuta kama ilivyosemwa, kwa zamu ile ile na mwendo ule ule. Sayari ya pili hawakuikuta hata kidogo, ingawa vipimo vyao vingeweza kuonyesha myumbo ulio robo tu ya ule uliotangazwa. Na wale wa Geneva walifanya nini? Waliendelea kupima, wakaona kwamba hata katika vipimo vyao vipya ishara ya sayari ya pili imetoweka, nao wenyewe wakaiondoa katika maandishi yao ya mwaka 2004. Miaka mingi baadaye, mwaka 2022, wataalamu wengine walieleza kwamba Kalausi ina sayari nyingine ya mbali, ambayo mwaka wake ni kama miaka 22 ya kwetu; lakini hiyo si ile iliyoondolewa, wala haikupatikana kwa kubahatisha, bali kwa vipimo vilivyokusanywa kwa subira ya miaka zaidi ya ishirini.

Tafakari jambo hili, msomaji. Sayari mbili zilitangazwa na watu wale wale, kwa chombo kile kile, kwa elimu ile ile na kwa uaminifu ule ule. Moja ilikuwa kweli na moja haikuwa. Hapakuwa na uongo wala uvivu. Ni nini basi kilichozitenganisha? Si macho, maana hakuna aliyeiona hata moja. Kilichozitenganisha ni kwamba moja ilistahimili kuulizwa tena na mtu mwingine, na moja haikustahimili.

Huenda utasema: laiti sayari zingeonekana kwa macho, mashaka haya yote yangekwisha. Tutazame kama ni hivyo. Kiko chombo kiitwacho koronagrafu, kilichobuniwa na Mfaransa Bernard Lyot yapata mwaka 1930 kwa ajili ya kulitazama taji la jua. Ndani yake kipo kisahani kinachoiziba nuru kali ya katikati, kama wewe unavyoweka kiganja mbele ya jua umtazame mwewe arukaye karibu nalo. Kwa kuiziba nyota namna hiyo, na kwa kuutumia ustadi wa vioo vinavyojikunja mara nyingi kwa sekunde ili kuondoa mtikisiko wa hewa, picha za sayari zimepatikana. Mwaka 2008 zilionyeshwa sayari tatu za nyota HR 8799, na baadaye ya nne. Hata hivyo waliozipiga picha hawakuridhika na kuona nukta karibu na nyota. Nukta yaweza kuwa nyota nyingine iliyo mbali nyuma yake. Iliwapasa kulinganisha picha za miaka mbalimbali, wahakikishe kwamba nukta zasafiri pamoja na nyota na kuizunguka.

Mwaka ule ule wa 2008 ilitolewa picha ya nukta karibu na nyota ing'aayo iitwayo Fomalhaut, iliyopigwa na darubini ya Hubble iliyo angani. Nukta ilionekana, ikaonekana tena katika picha nyingine, ikatembea, ikapewa hata jina. Lakini ilikuwa na tabia za ajabu, na kadiri miaka ilivyopita ilizidi kufifia na kutawanyika. Mwaka 2020 wataalamu waliozichunguza tena picha hizo zote walieleza kwamba yaelekea sana haikuwa sayari, bali wingu la vumbi lililotokana na kugongana kwa magimba mawili. Basi ile iliyoonwa kwa macho ilikuwa vumbi. Na ile iliyopewa jina la vumbi, ambayo jicho la mtu halijapata kuiona, ni sayari kweli. Jicho ni shahidi mwema, lakini nalo lastahili kuulizwa maswali kama mashahidi wengine.

Wala jina si ushahidi. Mwaka 2023 Kenya ilipata heshima nyingine ya namna hii. Nyota ndogo nyekundu iitwayo GJ 1214, iliyo umbali wa miaka ya nuru 48, ilipewa jina la Kimaa Orkaria, yaani udongo mwekundu wa kujipaka. Na sayari yake ikaitwa Enaiposha, neno litajalo maji mengi kama ya ziwa. Sayari hiyo ilipatikana mwaka 2009 kwa njia nyingine kabisa. Kila baada ya siku moja na nusu na kidogo, hupita mbele ya nyota yake na kuipunguzia nuru kwa kadiri ya sehemu moja na nusu katika mia, kama nondo apitaye mbele ya kandili. Darubini zilizoukamata upungufu huo zilikuwa na vioo vya sentimita 40 tu, upana ambao mikono miwili yaweza kuukumbatia. Lakini upungufu wa nuru peke yake haukutosha, kwa kuwa madoa juu ya uso wa nyota huweza kuipunguza nuru, na nyota mbili za mbali zikipishana huweza kufanya vivyo hivyo. Ilibidi spektrografu nayo ihojiwe, iseme kama nyota yayumba kwa zamu ile ile. Iliposema ndiyo, mashahidi wawili wasiofanana walikuwa wamekubaliana. Na kuhusu maji, darubini ya James Webb ilipoitazama Enaiposha, matokeo yake yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba imefunikwa na ukungu mzito sana. Jina lake zuri halikuiongezea hata tone moja la maji, wala wanafalaki hawakuliruhusu jina liwajibie swali.

Sasa tushuke kutoka mbinguni, maana sikukuita huko juu ili tukae huko.

Tuseme usiku mmoja duka limevunjwa katika soko la mji kama huu wetu. Asubuhi watu wamekusanyika. Hakuna aliyemwona mwizi. Lakini ziko nyayo katika matope zielekeazo upande fulani, na upande huo anakaa kijana ambaye hana kazi, ambaye jana alionekana na fedha, na ambaye watu wengi hawampendi. Mmoja asema, "Najua ni yeye." Wa pili aitikia, wa tatu aongeza, na kabla jua halijapanda, watu mia wanajua jambo ambalo saa moja iliyopita hapana aliyelijua. Au tuseme mtoto wa jirani amefariki ghafula, na mama mmoja mzee anayekaa peke yake alipita hapo siku iliyotangulia. Neno hunong'onwa, na mnong'ono hugeuka kuwa hukumu. Husemi kwamba mambo haya hayatokei, msomaji. Katika nchi yetu na katika nchi jirani, watu wamepigwa na wamechomwa moto kwa ushahidi mwembamba kuliko uzi wa buibui, na aliyewasha kiberiti alisema kwa moyo mkunjufu kwamba anajua.

Mwanafalaki na umati wa sokoni wanafanana kwa jambo moja: wote wawili huhukumu kisichoonekana kwa alama zake. Nyayo ni alama, kama mistari iliyosogea ilivyo alama. Methali yetu isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu haikukosea. Bila dalili tusingejua mengi. Wanachotofautiana ni yale wayafanyayo baada ya kuiona dalili, nayo ni mambo manne.

La kwanza, mwanafalaki huondoa mwendo wake mwenyewe kwanza. Dunia aliyosimama juu yake yalizunguka jua kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, na asipoutoa mwendo huo katika hesabu zake, ataudhania kuwa ni mwendo wa nyota. Umati haujiulizi hivyo. Haujiulizi: je, uovu ninaouona kwake ni wake, au ni chuki yangu juu ya mpaka wa shamba tuliougombania mwaka jana?

La pili, hutafuta maelezo mengine yawezayo kuacha alama zile zile, na huyatafuta kwa bidii kama vile anayataka yawe kweli. Kijana aweza kupata fedha kwa kubeba mizigo. Mtoto aweza kufa kwa malaria. Mtu asiyetaja maelezo ya pili hajalichunguza hata lile la kwanza.

La tatu, humpa mwingine nafasi ya kupima, na heri huyo mwingine asiwe rafiki yake, tena awe na chombo kingine. Watu mia wakirudia neno la mtu mmoja, hao si mashahidi mia. Ni shahidi mmoja mwenye sauti kubwa.

La nne, husema mapema ni jambo gani likitokea litamfanya aliondoe neno lake. Hapo ndipo mwanafalaki alipoachana na mpiga ramli, ingawa wote wawili hunena juu ya nyota. Mpiga ramli hupanga maneno yake yasiweze kukanushwa na chochote. Ukipona, dawa yake imefaa, na usipopona, hukufuata masharti. Asiyeweza kukosea hawezi pia kujua.

Huenda utanipinga kwa hoja mbili, nazo ni hoja za haki. Utasema kwanza: mwanafalaki ana nafasi ya kungoja miaka ishirini, kwa kuwa nyota haiendi popote, lakini mwenye duka ameibiwa leo, na mwizi atakimbia kesho. Ni kweli. Lakini fikiri matokeo ya hoja hiyo. Sayari ya pili ya Kalausi ilipotangazwa bila kuwapo, hapana aliyeumia; hakuna aliyelala njaa, hakuna mtoto aliyekuwa yatima. Na hata hivyo watu walisumbuka, wakapima, wakapima tena, ili neno moja katika orodha lisibaki likiwa la uongo. Ikiwa uangalifu huo unastahili kutolewa kwa kitu kilicho umbali wa miaka ya nuru 133, kisicho na uhai wala heshima ya kupotea, mtu anayekaa hatua mia kutoka mlangoni petu anastahili uangalifu mara ngapi? Haraka yetu si udhuru. Yule anayesukumwa na haraka na aende kwa wenye kazi ya kuchunguza, awaambie, "Nashuku." Neno hilo halijamwua mtu. Nashuku ni mlango uliofunguliwa. Najua ni mlango uliofungwa kwa komeo.

Utasema pili: mtu akishuku kila kitu hataamini chochote, na asiyeamini chochote hatatenda lolote. Hoja hii nayo ina uzito. Mkulima wa Naitiri hungoja dalili za mvua akapanda mahindi, wala hangoji mpaka awe na hakika, maana akingoja hivyo atavuna magugu. Lakini mkulima anapobahatisha, huweka hatarini mbegu zake mwenyewe. Kadiri hasara inavyokuwa yako, waweza kutenda kwa dalili kidogo. Kadiri inavyokuwa ya mwingine, yakupasa kudai dalili nyingi. Tena shaka ya kweli haibomoi kila kitu. Shaka iliyoifuta sayari ya pili ndiyo iliyoithibitisha Buru. Maana wale waliokuja kupinga waliikuta, na tangu siku hiyo imesimama imara kuliko ilivyosimama kwa maneno ya waliyoiona kwanza. Ukweli hauogopi kuulizwa. Kinachoogopa kuulizwa ni kiburi chetu.

Nimetaja kiburi kwa makusudi, kwa sababu katika mambo haya yote elimu si ngumu kama unyenyekevu. Mwaka 1991 Andrew Lyne, mwanafalaki wa Jodrell Bank katika Uingereza, alitangaza pamoja na wenzake kwamba wamepata sayari izungukayo nyota iliyokufa. Habari ilienea ulimwenguni. Baadaye aligundua kwamba hesabu yao haikuiondoa sawasawa njia ya dunia yetu kulizunguka jua: mwendo waliodhani ni wa nyota ulikuwa wa ardhi waliyosimama juu yake. Januari 1992, katika mkutano mkubwa wa wanafalaki huko Atlanta, Marekani, ambako alikuwa amealikwa aieleze sayari yake, alisimama mbele ya mamia ya wenzake akasema wazi kwamba sayari hiyo haipo, na kwa nini haipo. Ukumbi wote ulimpigia makofi. Na katika mkutano huo huo, Aleksander Wolszczan alieleza juu ya sayari za nyota nyingine iliyokufa, zilizopimwa kwa uangalifu. Nazo ndizo zile za mwaka 1992 nilizozitaja mwanzo, ambazo hazijakanushwa mpaka leo.

Nadhani makofi yale yalikuwa ya haki. Mtu aliyesema "nilidhani najua, kumbe sikujua" aliwapa wenzake kitu cha thamani kuliko sayari: aliwapa sababu ya kumwamini siku nyingine. Katika baraza zetu neno kama hilo ni adimu. Aliyeshuhudia uongo bila kukusudia huona aibu kurudi nyuma, na kwa kuikwepa aibu yake ndogo humwacha mwenziwe katika msiba mkubwa. Laiti tungewapigia makofi wale wanaorudi kwa mzee wa mtaa au kituoni na kusema, "Niliyemtaja siye," kama wanafalaki walivyompigia Lyne, pengine wangerudi wengi.

Msomaji, wewe bado kijana, na katika maisha yako utajua mambo mengi zaidi bila kuyaona kuliko utakayoyaona. Utasoma habari za nchi usizofika, utasikia habari za watu usiowajua, na kila siku simu itakuletea mkononi maneno elfu yasiyo na shahidi. Usikatae yote, maana utakuwa mjinga mwenye macho. Usikubali yote, maana utakuwa kiberiti mkononi mwa wengine. Toa mwendo wako mwenyewe katika hesabu, tafuta maelezo ya pili, mngojee mpimaji mwingine, na weka wazi kitakachokurudisha nyuma. Ukiisha kufanya hayo, sema "najua" bila hofu, hata kama ulichokijua hakijaonekana na jicho lolote. Na kama hujayafanya, na mbele yako amesimama mtu ambaye watu wanaokota mawe kwa ajili yake, basi kuwa wa kwanza kusema kwa sauti ya kusikika kwamba wewe hujui.